Muuza Mboga Asiyekula Mboga

Kabla kengele ya shule haijagongwa, Tarumbeta alikuwa ameshaimaliza nusu ya sauti yake sokoni. "Hoho! Hoho hizi hapa! Karoti, mchicha wa leo leo, ndimu zimejaa maji!" Shuleni alikuwa na jina jingine, zuri tu, lakini sokoni hakuna aliyelijua. Jina la Tarumbeta alipewa akiwa mdogo, siku alipoita wateja mpaka muuza samaki wa upande wa pili akaja kulalamika kwamba hasikii anachoulizwa na wateja wake. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo haukuwa umepungua hata kidogo.

Meza yao ilikuwa karibu na lango la soko, na fundi wa kuipanga alikuwa mama yake. Alizifuta hoho moja moja kwa kitambaa chenye tone la mafuta, akazipanga zile za kijani mbele ziking'aa. Karoti zilikaa pembeni, ndimu juu ya sahani ya bati, na mchicha ulinyunyiziwa maji kila mara ili usinyauke. Hoho iliyoanza kupata doa jekundu aliigeuza, doa likatazama chini. Ile iliyoiva ikawa nyekundu kabisa haikuonyeshwa kwa mtu. Ilitupwa kwenye ndoo chini ya meza, na jioni ndoo ilipelekwa kwa jirani aliyefuga mbuzi.

"Imezeeka hiyo," mama alisema kila mara. "Mteja akiona nyekundu atadhani tunamuuzia mzigo wa wiki iliyopita."

Wauzaji wote wa soko lile waliamini hivyo hivyo, basi nani angebisha? Hoho ya kijani ilikuwa mali, nyekundu ilikuwa chakula cha mbuzi. Mbuzi wenyewe hawakulalamika.

Nyumbani nako kulikuwa na sheria moja kubwa: mtaji hauliwi. "Ukianza kuila meza yako, mwishowe meza itakula wewe," mama alisema. Kwa hiyo asubuhi walikula mkate kwa chai ya rangi, nyeusi tii, na sukari ya kutosha. Jioni walikula wali na maharage, na birika la chai likaja tena. Mboga waliila siku iliponyauka mpaka hakuna wa kuinunua, na hapo mama aliichemsha hadi ikalegea yote, kisha akamwaga maji yake. Baba alikuwa dereva wa lori. Alirudi mara chache, akala alichowekewa, akashukuru na kulala.

Hakuna aliyeona ubaya wa maisha hayo mpaka mama alipopata mimba. Walikuwa wamemsubiri mtoto wa pili kwa miaka mingi, na Tarumbeta alikuwa ameshachoka kuulizwa na watu, "Wewe uko peke yako tu?" Furaha ilikuwa kubwa. Lakini tumbo lilipoanza kuwa kubwa, mama naye alianza kuchoka. Alipanga meza huku ameketi. Alihema akinyanyua kapu la karoti ambalo zamani alilibeba kwa mkono mmoja. Asubuhi moja aliinama kuchukua ndimu, akapata kizunguzungu na kuanguka juu ya gunia la viazi.

"Wewe, twende! Hapana, nenda kliniki, meza nitaiangalia mimi," alisema Mama Vitunguu, rafiki yake wa meza ya jirani, aliyekuwa hajui kusema neno polepole. "Na huyu Tarumbeta akushike mkono. Shule ataeleza baadaye. Shule haikimbii!"

Kliniki haikuwa mbali. Mkunga aliyekuwa zamu siku ile alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya haraka na maneno machache. Alimchoma mama kidole, akachukua tone la damu, akalipima. Aliyasoma majibu mara mbili.

"Mara iliyopita damu yako ilikuwa chini," alisema. "Leo imeshuka zaidi. Vile vidonge vya madini ya chuma nilivyokupa, unameza?"

"Kila siku, mama mkunga. Sijakosa hata mara moja."

"Unamezea nini?"

"Maji."

Tarumbeta akainua uso. Ni yeye aliyempelekea mama kidonge kila asubuhi, na kila asubuhi kiliandamana na kikombe cha chai ya rangi.

"Na chakula?" mkunga aliendelea. "Jana ulikula nini?"

Mama akacheka kicheko cha kulazimisha. "Mama mkunga nawe! Si unaijua kazi yangu? Unamuuliza muuza mboga kama anakula mboga? Jana nimekula mchicha, karoti, hoho, na chungwa baada ya chakula. Mayai asubuhi. Kwangu hayo hayakosekani."

Tarumbeta alimtazama mama yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Jana mama alikula mkate mkavu na chai, na usiku maharage nusu sahani na chai. Yai gani? Chungwa gani? Lakini mtoto hamsahihishi mzazi wake mbele ya watu, hilo alifundishwa tangu hajajua kufunga viatu. Basi yule binti aliyelipigia kelele soko zima alikaa kimya, akaikodolea macho sakafu.

Mkunga akavua miwani. "Hapo ndipo ninapoogopa. Anayekula hivyo na kumeza vidonge, damu yake huwa inapanda. Yako inashuka. Basi kuna kitu mwilini kinaimaliza, na vipimo vya kukitafuta mimi hapa sina. Kesho utakwenda hospitali kuu, watakulaza wakuchunguze. Huenda ukabaki huko mpaka ujifungue."

"Mpaka nijifungue?" mama aliuliza. "Huko mbali? Na mtoto wangu huyu? Na meza?"

"Meza itasubiri. Sikiliza, mama. Kila mwanamke hupoteza damu anapojifungua. Mwenye damu ya kutosha hahisi sana. Mwenye damu kidogo tunaweza kumpoteza yeye, au mtoto, au wote. Sitaki kukutisha, lakini siwezi kukuficha."

Walitoka wakaketi kwenye benchi la nje wakisubiri karatasi za safari. Mama alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa ncha ya kanga. Tarumbeta aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alimsogelea, akanong'ona.

"Mama, kwa nini hukumwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba huli zile mboga. Na kidonge unamezea chai."

"Nyamaza!" Mama aligeuka huku na huku kuona kama kuna aliyesikia. "Unataka watu wanicheke? Muuza mboga mzima, nakula mkate na chai! Si watasema mboga zangu zina kasoro, ndiyo maana hata mwenyewe siziweki mdomoni? Mambo ya ndani hayatoki nje. Na chai na kidonge vinahusiana nini?"

"Sijui, mama. Lakini alikuuliza."

"Basi, yaishe."

Yakaisha, kwa muda mfupi. Mkunga alitoka na karatasi zake, akampa mama, kisha akamwinamia Tarumbeta kwa upole. "Wewe ndiye msaidizi wake nyumbani, eti? Leo umpikie vizuri kabla ya safari. Aendelee kula vile vile anavyokula siku zote."

Vile vile anavyokula siku zote! Maneno hayo yalimchoma Tarumbeta. Alijua akinyamaza, kesho mama atapanda gari kwenda kutafutiwa ugonjwa ambao pengine hana. Akasimama.

"Hali hivyo, mama mkunga," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Hali mboga. Tunaziuza zote. Sisi tunakula mkate na chai, na maharage na chai. Na kidonge anamezea chai. Mimi ndiye ninayempelekea."

Mama alimfinya mkono, tena kwa kucha. Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Mmoja akaziba mdomo ili asicheke. Tarumbeta machozi yalimtoka, lakini hakuyameza maneno yake. "Nisamehe, mama. Sitaki uende ukafie huko."

Ndipo mkono wa mama ulipolegea. Alijifunika uso kwa kanga, akasema huko huko ndani, "Ni kweli. Mtoto hakusema uongo. Niliona haya."

Mkunga hakugomba wala hakucheka. Aliketi katikati yao kwenye lile benchi, akawatazama wale wanawake wawili mpaka wakakumbuka kutazama kwingine.

"Ahaa," alisema. "Kumbe nilikuwa natafuta mchawi, na mchawi mwenyewe ni birika la chai!"

Mama akatoa kicheko kidogo kilichochanganyika na kilio.

"Sikiliza basi," mkunga aliendelea. "Damu hutengenezwa kwa madini ya chuma. Yamo kwenye vile vidonge, yamo kwenye maharage, dengu na mchicha. Lakini chai ukiinywa pamoja na chakula, inayashika madini hayo na kuyazuia yasiingie mwilini. Unameza kidonge, kinapita tu kama mgeni asiyekaribishwa. Chai kunywa, lakini iache mpaka chakula kishuke, saa moja au zaidi. Kidonge ni kwa maji, au maji yenye ndimu."

"Ndimu ninazo tele," mama alisema polepole.

"Unazo! Ndimu, machungwa na hoho vina vitamini C, nayo ndiyo inayoyafungulia madini ya chuma mlango. Ukila maharage yako na vipande vya hoho mbichi, mwili unachukua madini mengi zaidi kuliko ukila maharage peke yake. Ila hoho usiipike mpaka iyeyuke. Vitamini C haipendi moto wa muda mrefu, na ukimwaga maji ya mboga, umeimwaga nayo."

Kisha akazichukua zile karatasi, akazikunja. "Hizi sizichani, nazitunza. Kwa kuwa sasa nimejua ukweli, nakupa wiki chache, na kila wiki uje nikupime. Damu ikipanda, utajifungua hapa. Isipopanda, utakwenda hospitali kuu siku hiyo hiyo, na hapo hatutabishana. Tumeelewana?"

Walielewana. Njia nzima ya kurudi Tarumbeta alijiandaa kwa fimbo. Fimbo haikuja. Walipofika sokoni, mama aliketi, akatazama meza yake kwa muda mrefu, kisha akachukua hoho moja ya kijani, ile nzuri ya mbele, akaipasua, akaitafuna mbele ya watu wote.

"Haa!" Mama Vitunguu alipiga kelele. "Leo unakula mtaji?"

"Nakula dawa," mama alijibu.

Usidhani mambo yalikuwa rahisi kuanzia hapo. Mtu aliyezoea chai yake ya chakula cha jioni ukimnyima anakuwa mkali kuliko nyuki. Siku ya tatu mama alilitafuta birika, hakuliona, akauliza nani kalificha. Tarumbeta alikuwa amelificha chini ya kitanda chake, na alikiri mara moja. Hoho mbichi nazo mama aliziona ngumu. "Natafuna kama mbuzi," alilalamika. Tarumbeta akajifunza kuzikata nyembamba sana, akazichanganya na karoti iliyokwaruzwa, chumvi kidogo na ndimu, akaweka juu ya maharage ya moto. Mchicha aliuosha kabla ya kuukata, akaugeuza kwa mafuta kidogo na kuuepua ungali kijani. Baba aliporudi kutoka safari, aliionja sahani ile, akauliza kama kuna sherehe.

Mwishoni mwa wiki ya kwanza mama alipimwa. Damu ilikuwa imesimama pale pale. Haikushuka, lakini haikupanda. Usiku ule Tarumbeta hakula vizuri. Alifikiri labda mkunga alikosea, labda kweli kuna ugonjwa, na yeye amemchelewesha mama kwenda kutibiwa. Alipomweleza mama hofu hiyo, mama alimvuta karibu. "Kitu kilichobomoka kwa miezi hakijengwi kwa siku saba. Leta hizo hoho zako."

Jumamosi iliyofuata, mkunga alikuja sokoni mwenyewe kununua vitunguu. Akasimama kwenye meza yao kuwasalimu, na akamkuta Tarumbeta anatupa hoho nyekundu kwenye ndoo.

"Hizo unazipeleka wapi?"

"Kwa mbuzi wa jirani. Zimezeeka."

Mkunga alishika kiuno. "Zimezeeka? Nani kawaambia? Hoho ya kijani ni ile iliyochumwa kabla haijaiva. Nyekundu ndiyo imeiva. Ina vitamini C nyingi zaidi ya hiyo ya kijani, tena inalishinda hata chungwa la uzito ule ule. Na vitamini A ya kulinda macho na ngozi imo pia, ingawa karoti inaishinda. Yenye ubaya ni iliyooza au kuota ukungu. Hii ngumu, inayong'aa, mnawapa mbuzi! Basi wale mbuzi wana afya kuwashinda nyinyi wote hapa sokoni."

Mama Vitunguu alicheka mpaka akashika meza. Mama hakucheka. Aliiinua ndoo, akazichagua zile nyekundu nzima nzima, akazifuta kwa kitambaa, akaionja moja. Zilikuwa tamu kuliko za kijani, wala hazikuwa na ule uchungu wa nyuma ya ulimi. Kuanzia siku ile hazikuwa ngumu tena kuzila.

Wiki iliyofuata damu ilipanda kidogo. Iliyofuata ikapanda tena, na mama akaanza kupanga meza akiwa amesimama. Wateja waliouliza kuhusu zile hoho nyekundu alizozipanga mbele, Tarumbeta aliwaeleza kwa sauti yake yote, na wengine walinunua ili tu anyamaze. Siku mkunga alipomwambia mama, "Sasa imetosha, utajifungua hapa hapa," mama alipiga vigelegele ndani ya kliniki, akaombwa awafikirie wagonjwa wengine.

Uchungu ulimshika alfajiri moja ya mvua. Baba alikuwa nyumbani kwa bahati, akamshika mkono mama na Tarumbeta akabeba kapu la nguo. Kulipopambazuka vizuri mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, mzito, mwenye kilio kikubwa hata baba akasema nyumba imepata tarumbeta wa pili. Mkunga alitoka akifuta mikono yake, na Tarumbeta akamkimbilia.

"Mama yangu?"

"Amepoteza damu, tena si kidogo," mkunga alisema. "Sitakuficha. Angekuja na ile damu ya siku ile mliyokaa kwenye benchi, sasa hivi nisingekuwa nazungumza nawe hivi. Lakini alikuwa nayo ya kutosha. Yuko salama. Nenda kamwone."

Kisha akamshika bega kabla hajaingia. "Na wewe ulikumbuke hili. Chakula kizuri hakimsaidii mtu kikiwa mezani tu, hata meza iwe yake mwenyewe. Lazima kiliwe, na kiliwe kwa mpangilio wake. Na anayeulizwa na mganga aseme ukweli, kwa sababu mganga hutibu kile alichoambiwa."

Ndani, mama alikuwa amelala kwa ubavu, amechoka, macho yake yametulia. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kanga kifuani pake. Tarumbeta alisogea taratibu, akasimama karibu na mlango.

"Njoo," mama alisema. "Siku ile nilikufinya mkono. Bado kuna alama?"

"Hakuna, mama. Ilishapona."

"Mimi niliona umenivua nguo mbele za watu. Niliona aibu hadi nikatamani ardhi inimeze." Alimsogeza mtoto ili dada yake amwone uso. "Sasa nimeelewa. Heshima ya mtoto kwa mzazi si kumwacha apotee kwa sababu ya uongo wake. Aibu yangu iliisha kabla hatujafika nyumbani. Ungenyamaza, ingenigharimu huyu. Basi siku nyingine ukiniona nadanganya pasipo pa kudanganya, sema, mwanangu. Sema kwa adabu, lakini sema."